Nitashika Nini

Muthama alikuwa na miaka kumi na mmoja katika ndoa, na katika miaka hiyo yote alikuwa amemtazama mama mkwe wake usoni mara mbili tu, zote kwa bahati mbaya. Ndivyo ilivyokuwa kwao Ukambani, na katika ukoo wa mkewe desturi hiyo haikulegezwa hata kidogo. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi meza moja, na wakikutana njiani mmoja hujitia kichakani mpaka mwenzake apite. Ni desturi nzuri kabisa, kama una kichaka. Muthama alikuwa na vyumba viwili vya kupanga kule Njiru, na tangu mwezi wa tatu mama mkwe alikuwa ndani ya kimojawapo, na mguu wenye kidonda.

Jina lake mama huyo lilikuwa Ndunge. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijikwaa kwenye jiwe huko nyumbani, kidonda kikakataa kupona, na binti yake Kavata, mkewe Muthama, akamleta Nairobi. Muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache aliyeitwa Habibo, aliufungua ule mguu wa kushoto, akautazama, kisha akasema bila kuzungukazunguka:

"Hiki kioshwe na kufungwa kila siku, isipokuwa Jumapili. Mkianza kukosa, kitapanda. Kikipanda, mguu utakatwa hapa." Akaweka kiganja chini ya goti la mama.

Wiki ya kwanza walikosa siku mbili. Ya pili walikosa tatu. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya machimbo ya mawe, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu miwili mizima, na udongo mweusi wa Njiru ukishanyeshewa haupitishi gari. Kavata alimsukuma mamake kwa mkokoteni wa kuazima hadi viganja vikachubuka. Alikuwa akishona mashati kiwandani kule Baba Dogo, na msimamizi wake akamwambia kwamba akichelewa tena asijisumbue kurudi. Muthama naye hangeweza kumsukuma mkwewe kama gunia la viazi, mama ameketi, yeye nyuma anamtazama kisogo saa nzima. Heri afe. Waendesha boda boda nao walikataa kumbeba mgonjwa wa mguu kwenye matope yale.

Ndipo alipowaza pikipiki. Alikuwa katika banda la wachongaji kule Gikomba, akisugua tumbo la kiboko cha mti kwa msasa, wazo lilipomjia. Mwenye kuendesha pikipiki hutazama mbele, anayebebwa hukaa nyuma, na hawaonani. Akaona amepata dawa ya kila kitu, akajisifu moyoni, akakichapa kiboko kofi la furaha.

Jioni alitoa habari nyumbani. Mazungumzo ya nyumba ile yalikuwa na utaratibu wake. Kavata akiwepo, yalipitia kwake: "Kavata, mwambie mama hivi," na mama, nyuma ya pazia, akisikia kila neno, alingoja aambiwe tena. Kavata akiwa kazini, yalipitia kwa kuku. Alikuwa kuku mmoja tu, mwekundu, mwenye kilemba kilichoanguka upande, na kwa kuwa kila aliyemsemesha alimtupia punje ya mahindi, alijifunza kuja mbio akisikia tu mtu anakohoa. "Wewe kuku," Muthama angesema, "chai iko kwenye chupa." Na sauti ingetoka nyuma ya pazia: "Kuku, nimeiona." Watu wazima wawili wenye akili timamu, na kuku katikati yao kama karani wa mahakama.

Sasa, Muthama hakuwa amewahi kuendesha pikipiki. Baiskeli aliijua, na hapo ndipo elimu yake ilipoishia. Kwa hiyo alikwenda kwa Zubeiri, mwenye duka la pembeni, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Pumwani, ambaye miaka tisa alisambaza mikate kwa pikipiki kabla mgongo haujamwambia basi.

"Pesa ninazo za pikipiki moja," Muthama alimwambia. "Nikikosea, hakuna ya pili, na mama atakatwa mguu."

Zubeiri aliacha kupima sukari. "Basi nisikilize, jirani. Wewe ni mgeni wa chombo hiki, usinunue cha kuringia. Ukikaa, nyayo zote mbili zilale chini. Si vidole, nyayo! Halafu ilaze chini uiinue peke yako, kwa sababu itaanguka, usijidanganye, na siku hiyo mimi sitakuwepo. Na mtu akikwambia inakimbia, muulize inakimbilia wapi. Una mama wa watu nyuma."

Muthama aliitikia kila neno. Yaliingia sikio hili, yakatokea lile, maana Jumamosi iliyofuata alimkuta Mursal.

Mursal alikuwa kijana wa Huruma aliyenunua pikipiki zilizotumika, akazipaka rangi, akaziuza. Aliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa nyekundu, ndefu, ya matairi yenye meno, bomba la moshi limepandishwa juu kandokando ya kiti. Muthama alikuwa mtu mfupi. Tangu shule ya msingi alikuwa mfupi, na alipopanda juu ya chombo kile aliona vichwa vya watu kutoka juu kwa mara ya kwanza maishani. Vidole vya miguu viligusa chini, vidole tu. Alijiambia kwamba vidole navyo ni sehemu ya mguu.

"Cheki vile imekukubali, buda," Mursal alisema. "Hii kitu si mchezo. Matope, mawe, inapita tu. Unataka mathee afike hosi, si ndio? Atafika kabla hujamaliza kusema."

Kavata alikuwa amefuatana na mumewe. Mursal mwenyewe aliwazungusha uwanjani, kwanza Muthama nyuma, kisha Kavata. Halafu Muthama akakaa mbele, injini ikiwa imezimwa, Kavata akakaa nyuma yake kupima kiti. Kilikuwa kiti kifupi, kwa hiyo alimkumbatia mumewe kiunoni, akaegemeza shavu mgongoni, akacheka kama siku za uchumba. Muthama alifurahi mno. Aliahidi kurudi Jumatatu na pesa.

Walifika nyumbani wakiwa na furaha ya watu waliomaliza kazi. Muthama alisimama kando ya mlango, uso ukutani kama ilivyopasa, akaeleza habari yote kupitia kwa Kavata: rangi, matairi, nguvu za injini. Nyuma ya pazia mama akakohoa, na ingawa Kavata alikuwepo, alimwita kuku. Kuku akaja.

"Wewe kuku. Muulize mwenye nyumba. Nikikaa huko nyuma, mimi nitashika nini?"

Kavata alijiziba mdomo kwa kiganja. Muthama aliona masikio yanamchoma. Alikuwa mchongaji, mtu wa vipimo. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa abiria. Mama mkwe amkumbatie kiunoni! Kila asubuhi, mbele ya Njiru nzima!

"Nilikushika wewe," Kavata alisema polepole. "Wala sikufikiri."

"Si kuna mbuzi?" Muthama aliuliza. Katika ukoo wao, mtu akimgusa mkwewe, aliyegusa hutoa mbuzi, nyama ikaliwa pamoja, na haya ile ikaisha kati yao kabisa. "Nitoe mbuzi kabla, tumalize."

Hapo mama hakumngoja kuku wala binti. Alisema na pazia. "Mbuzi ni wa ajali. Hanunui ruhusa. Anayekusudia kumgusa mkwewe, hata ng'ombe hamtoshi." Kisha sauti ikashuka. "Waambie wasihangaike. Acha mguu ukatwe. Nimezeeka, nilikuwa nikienda wapi nao?"

Muthama alitoka nje, akasimama gizani kando ya tangi la maji. Alikuwa na hasira na desturi, na Mursal, na yeye mwenyewe zaidi. Mama yule hakuwahi kumdharau hata siku moja. Siku ya posa, wajomba walipomcheka kimo chake, ni yeye aliyesema kutoka jikoni kwamba panga fupi ndilo hukata karibu. Neno hilo lilimfikia Muthama kwa mdomo wa mtu mwingine, na hakuwahi kulisahau.

Jumapili alimwambia Mursal hapana. Jumatatu hakwenda Gikomba. Alimwomba Zubeiri afunge duka nusu siku, wakazunguka pamoja. Sasa alijua anachotafuta. Kila alipofika aliuliza kwanza urefu wa kiti, na wauzaji wakamwona kama mtu aliyetaka kununua kitanda. Moja ilikuwa nzito kama ndama mkaidi. Nyingine kiti kilitosha, lakini bomba la moshi lilikaa kushoto.

"Kushoto kuna ubaya gani?" Zubeiri aliuliza.

"Mama atakaa upande, miguu kushoto, kama wanawake wanavyokaa baiskelini. Mguu wenye kidonda nitauweka kwenye moto?"

Zubeiri alimtazama kwa heshima mpya, lakini kufikia saa nane mgongo ulikuwa umeanza kumuuma, na heshima ikapungua. "Bwana we, mchagua nazi hupata koroma."

Koroma yenyewe waliipata Kariobangi, kwenye gereji ya fundi Mutisya. Ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya magurudumu ya lori, rangi yake imekwisha, taa ya mbele imefungwa kwa waya. Ilikuwa ya daktari wa mifugo aliyezunguka nayo mashambani miaka mingi. Kiti kilikuwa kirefu kama benchi la kanisa, na nyuma yake palikuwa na kichanja cha chuma ambapo daktari alifunga sanduku lake la dawa.

"Hiyo haina sura," Mutisya alisema kwa ukweli wake. "Na haikimbii. Lakini injini niliifungua mwenyewe, ni nzima."

Muthama alikaa. Nyayo zote mbili zililala chini, visigino na vyote, akabaki na magoti ya kukunja. Akaiwasha, akasikiliza. Akatazama bomba la moshi: kulia, chini kabisa. Kisha akaizima, akaishika kwa pembe, akailaza sakafuni taratibu. Mutisya alipiga ukelele. Muthama akachuchumaa, akainua. Ilipanda kwa mkupuo wa pili.

"Kaa mbele," alimwambia Zubeiri.

Zubeiri alikaa. Muthama akapanda nyuma, miguu yote upande mmoja, magoti pamoja, mikono mapajani, mama mkwe kabisa. Mafundi waliangua kicheko, mmoja akaangusha spana. Muthama hakujali. Alipima kwa shubiri nafasi iliyobaki kati ya paja lake na kiuno cha Zubeiri. Shubiri moja na vidole vitatu.

"Ndiyo hii," alisema.

Mutisya aliunga kibati upande wa kushoto, pa kuwekea miguu miwili. Kilichobaki kilikuwa kazi ya Muthama. Alichagua kipande cha mti wa muhugu kilichokauka miaka minne, alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya twiga mkubwa, akachonga mpini wa kusimama katikati ya kiti, kati ya dereva na abiria, umekazwa kwa boliti kwenye chuma cha chini. Tatizo lilikuwa unene. Mpini mnene humponyoka mzee, mwembamba humuumiza. Mkono wa mkwewe hangeuomba aupime. Usiku mmoja aliuchukua mwiko wa mama, aliokuja nao kutoka nyumbani, ambao kwa miaka thelathini ulilika pale mkono wake ulipokaa. Akaupima kwa uzi, juu, katikati na chini, akaurudisha jikoni kabla ya alfajiri.

Wiki nzima alijifunza katika uwanja nyuma ya machimbo, na Zubeiri ameketi juu ya jiwe akimpigia kelele. "Klachi, Muthama! Klachi! Unaichinja!" Alianguka mara nne, na mara zote nne aliinua mwenyewe. Alipewa leseni ya mwanafunzi, akafunga vibao vya L mbele na nyuma. Kama kulikuwa na askari wa kumkataza mwanafunzi kubeba abiria, basi hakusimama njia ya machimbo, na Muthama hakupita nyingine.

Siku ya kwanza, Kavata aliondoka kwenda kazini saa kumi na moja na nusu alfajiri, huku akigeuka nyuma kila hatua. Saa mbili Muthama alisogeza pikipiki hadi kwenye jiwe la mlangoni, akakaa, nyayo chini, akakaza macho kwenye bati la jirani. Nyuma yake alisikia pazia, kisha fimbo, kisha pumzi za mtu anayepanda jiwe kwa shida. Hakugeuka. Kazi yake ilikuwa kushikilia chombo kisitikisike, na hapo ndipo alipomshukuru Zubeiri kwa zile nyayo. Mama alivaa helmeti juu ya kitambaa cha kichwa, akashusha kioo cheusi, na kwa jinsi uso ulivyojificha mle, aliona hicho nacho ni kichaka cha kutosha. Akakaa. Pikipiki ikatua kidogo. Mkono ukaushika mpini.

Kuku alikuwa miguuni akingoja.

"Kuku," mama alisema mle ndani ya helmeti, "huyu aliujuaje mkono wangu?"

Kuku hakujua. Muthama aliwasha injini, wakaenda.

Wiki ya kwanza hawakukosa hata siku moja. Ya pili vivyo hivyo. Watu wa Njiru walizoea kumwona mchongaji akipita polepole, nyuma yake mama mwenye helmeti ameketi wima kama malkia, na kati yao ule mti unaong'aa. Zahanatini hakukuwa na kuku, kwa hiyo huko hawakusemezana kabisa. Mama alishukia benchini, Muthama akangoja nje. Habibo alifungua, akaosha, akafunga, hakusema lolote, na Muthama alichukia sana kimya kile. Kila siku alitaka kuuliza kama mguu utabaki, na kila siku aliogopa.

Jumamosi ya wiki ya sita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Muthama alipima moyoni kama abaki. Halafu akakumbuka kiganja cha Habibo chini ya lile goti, akatoa pikipiki.

Walifika karibu na machimbo salama. Pale njia inaposhuka, udongo mweusi ulikuwa umelainika kama uji wa wimbi. Gurudumu la nyuma liliteleza kulia, Muthama akasahau mafunzo yote, akabana breki. Pikipiki ikaanza kulala upande, upande wa kibati, upande wa mguu. Aliushusha mguu wake wa kushoto, unyayo wote ukatua topeni na kushika, akaikaza ile koroma kwa paja na kwa bega mpaka akaona nyota. Haikuanguka. Ilisimama.

Injini ilikuwa imezimika. Mvua iligonga helmeti zote mbili. Muthama alitazama chini, akaona mikono miwili ya mzee, yenye mishipa, imefumbatana mbele ya tumbo lake, imebana sana. Mpini wa muhugu ulikuwa peke yake.

Mikono haikutoka. Akawasha, wakaenda hivyo hadi zahanati, na Muthama aliendesha huku machozi yanamtoka, na alishukuru kwamba kulikuwa na mvua.

Siku hiyo Habibo alichukua muda. Kisha alikuja mlangoni mwenyewe, akifuta mikono. "Wewe wa pikipiki. Nyama imefunga. Hapakatwi kitu. Atakuja mara moja kwa wiki sasa."

Mvua ilikuwa imekatika. Mama alitoka kwa fimbo yake, akasimama kando ya pikipiki. Hakuvaa helmeti. Alitazama huku na huku uani kama mtu anayetafuta kitu, na Muthama alijua anatafuta nini, na hakikuwepo. Mama akashusha pumzi.

"Muthama," alisema.

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kulitaja jina hilo. Muthama aligeuka, akamtazama usoni. Ilikuwa sura ya Kavata, ila imezeeka.

"Naam, mama."

"Aliyegusa ndiye anayetoa mbuzi. Nimegusa mimi."

"Mama, ilikuwa ajali."

"Ndiyo. Mbuzi ni wa ajali." Alifungua fundo la leso yake. "Pesa hizi za mbaazi niliziweka za kununulia magongo. Sasa sina kazi nayo. Soko la mbuzi la Kiamaiko ni mbali?"

Si mbali. Walifika sokoni adhuhuri, na mama, akiegemea fimbo, aliwatukana wauzaji wanne kwa adabu kabla hajachagua beberu mdogo mweupe mwenye masikio meusi. Alimbonyeza mbavu, akamtazama meno, akamsimamisha na kumwinua miguu mmoja mmoja. Alijua kuchagua kuliko Muthama. Swali likawa ataketi wapi. Kwenye kichanja aligoma, akapiga teke. Mwishowe walimlaza katikati ya kiti, kati yao wawili, kamba imefungwa kwenye mpini wa muhugu, na mama akapitisha mkono juu ya mgongo wa mbuzi, akashika koti la mkwewe.

Kavata alikuwa ametoka kazini mapema, anaanika nguo, walipoingia uani. Nguo ilimponyoka mkononi.

"Muthama, mshushe mbuzi kwanza," mama alisema kwa sauti iliyosikika hadi dukani kwa Zubeiri. "Mimi baadaye. Na usimvute kamba hivyo, utamnyonga bure."

"Haya, mama."

Kuku alikuja mbio kutoka nyuma ya tangi, kama kawaida yake akisikia sauti hizo mbili. Alisimama katikati yao, akageuza kichwa huku, akageuza kule, akangoja. Hakuna aliyemsemesha.